Tangi la mafuta ya boila linatona tumboni, tupo Maine, Marekani. Tuanzie wapi?

Mkazi_Lewiston
Wadau, habari za baridi. Nyumba ipo nje kidogo ya Lewiston, maji tunatumia ya kisima. Tangi la boila inayopasha nyumba joto ni la chuma, galoni 275, limekaa besimenti (chumba cha chini ya nyumba) na kipimo kinaonyesha nusu. Chini ya tumbo lake, mbali na vali, linatona tone moja hivi kila sekunde mbili. Kampuni ya mafuta imesema fundi atafika keshokutwa. Je, nifunge vali? Kuna kitu cha kuziba tundu mpaka afike? Na ni lazima kutoa taarifa kwa jambo dogo namna hii? Mwenzangu anaogopa tutabambikiwa gharama.

FundiBoila
Ndugu, kinga matone kwanza. Kwa kasi hiyo unapoteza kama lita 2 kwa siku, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inatosha hadi fundi afike, ila iweke ndani ya beseni pana. Tundu likipanuka ghafla tone huwa mchirizi na huanguka pembeni ya ndoo.

Vali haitakusaidia. Vali hukata mafuta yanayokwenda kwenye filta na boila. Tundu la tumboni liko kabla yake. Ingekuwa inavuja filta, nati ya bomba la shaba au pampu ya boila, ningesema funga vali, zima swichi nyekundu ya boila, basi, uvujaji umekwisha. Kwa hali yako sikushauri uzime boila kwa mazoea tu. Kwenye baridi kali nyumba ikipoa mabomba ya maji yataganda na kupasuka, na hapo utakuwa na mafuriko mawili. Zima kama mafuta yametambaa karibu na boila au harufu ni kali, kisha piga zimamoto.

Sasa angalia sakafu. Kama besimenti ina shimo lenye pampu ya kutoa maji, ikatie umeme mara moja. Kama hapo sakafu imelowa, kata kwenye boksi la fyuzi badala ya kugusa plagi. Pampu ile haijui mafuta na maji. Itayabeba yote mpaka uani, na wewe una kisima. Ziba na tundu la kutolea maji la sakafuni.

Mafuta yaliyomwagika yafunike kwa mchanga wa choo cha paka, ule wa udongo, au vile vitambaa vyeupe vinavyonyonya mafuta na kukataa maji. Acha yanyonywe, zoa, tia kwenye ndoo yenye mfuniko. Usimwage sabuni ya maji na kuosha: sabuni huyachanganya mafuta na maji, yakapenya kwenye nyufa za zege ambako huwezi tena kuyafikia.

FundiBoila
Kuhusu kuziba. Futa kwa kitambaa taratibu, usisugue kwa brashi ya waya wala msasa. Kutu hiyo ndiyo inayoshikilia mafuta; ukiiondoa, tundu la sindano linakuwa la penseli. Chukua kipande cha sabuni kavu ya mche au ya kuogea, kisugue juu ya tundu kwa kukandamiza mpaka kiingie. Mafuta hayaiyeyushi sabuni kavu, ndiyo maana mbinu hii ya zamani bado inafanya kazi. Tone likikatika, pakaushe pande zote ndipo uweke putti ya epoksi ya kukanda kwa mkono. Wengi hukosea hapa: wanabandika putti juu ya chuma chenye mafuta, inadondoka baada ya nusu saa.

Bora zaidi ni kiraka cha sumaku chenye mpira usiolika na mafuta, kinauzwa kwa kazi hii hasa. Skrubu usithubutu. Chuma kinachozunguka tundu kimeliwa kutoka ndani, kimebaki chembamba.

Na hata ikikauka kabisa, tangi hilo limekufa. Unyevu wa hewa hugeuka maji ndani ya tangi, maji ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini pamoja na tope na vijidudu vinavyotoa asidi. Tundu moja likitokea, mengine yako njiani. Kupaka rangi kwa nje ni kupoteza rangi.

Dada_Portland
Kwenye taarifa jibu ni ndiyo, na ni haraka. Maine, mafuta yakimwagika unatakiwa kuijulisha DEP, idara ya mazingira ya jimbo, ndani ya saa 2. Simu 1-800-482-0777, wanapokea saa 24. Si polisi hao. Kazi yao ni kukagua sakafu, udongo na kisima, na jimbo lina mfuko wa kusafisha umwagikaji wa mafuta ambao wenye nyumba wanaweza kuuomba. Anayeogopa gharama ndiye anayepaswa kupiga simu mapema, maana kuficha ndiko kunakoharibu maombi hayo. Sera nyingi za bima ya nyumba hazigharamii uchafuzi wa mafuta, kwa hiyo soma kipengele hicho kabla ya kuitegemea.

Maji ya kisima yakinuka mafuta, msinywe wala kupikia mpaka yapimwe. Kuchemsha hakuondoi mafuta.

Kwa kipato kidogo, ulizeni ofisi ya msaada wa jamii inayoshughulikia HEAP, mpango wa kusaidia gharama za kupasha nyumba joto. Wengi wanaijua kwa mafuta ya bure tu, lakini upande wa pili kuna CHIP, inayosaidia kutengeneza au kubadilisha mfumo wa joto. Wapangaji: tangi ni la mwenye nyumba, mwandikieni kwa ujumbe unaobaki, lakini simu ya DEP msimsubirie yeye.

Mkazi_Lewiston
Asanteni sana. Sabuni imeshika, DEP wamepigiwa. Je, tuyahamishie mafuta kwenye madumu ili tangi likae tupu?

FundiBoila
Nusu ya tangi ni kama galoni 137, zaidi ya lita 500. Kwa madumu ya galoni 5 ni safari 28 za kumwaga sakafuni. Mwachie fundi aje na pampu na mapipa. Ya galoni 55 yatahitajika matatu. Mafuta ya juu yanaweza kurudishwa kwenye tangi jipya, ya chini kabisa ni maji na tope, yaende kama taka. Ukilazimika kukinga kidogo, tumia dumu la njano, la dizeli, si jekundu la petroli, mtu asije akakosea. Na msiyatie kwenye gari la dizeli: yametiwa rangi nyekundu kwa sababu hayajalipiwa kodi ya barabara.

Kuta_Mbili
Mkichagua jipya, chukueni lenye kuta mbili, ndani plastiki na nje chuma. Bomba la shaba kama limezikwa kwenye zege, libadilishwe hapo hapo na lipitishwe ndani ya bomba la plastiki, kwani zege hulila polepole na hakuna anayeona. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya jimbo. Tangi likijaa linakaribia tani moja, kwa hiyo miguu isimame juu ya zege, si juu ya mbao.

Mkiamua kuliweka mahali pengine, au kuhamia gesi, ng'oeni bomba la kujazia lililo ukutani nje siku ileile tangi linapotolewa, tundu lizibwe kwa saruji. Kifuniko peke yake hakitoshi. Dereva wa mafuta akikosea anwani anaunganisha mpira na kupiga pampu, na hakuna tangi upande wa pili.