Kuambukizwa na kuugua si kitu kimoja?

mwanachuo_ujiji: Habari wakuu, nasoma unesi mwaka wa kwanza hapa Kigoma, tumeanza mnyororo wa maambukizi (yaani njia ambayo ugonjwa unapita toka mtu hadi mtu) na ticha kasema kuambukizwa na kuugua ni vitu viwili, sasa kama vimelea vishaingia mwilini si ndo ugonjwa wenyewe huo?

nesi_mstaafu: Hapana mwanangu. Kuambukizwa ni kimelea kuingia na kuanza kuzaliana, kuugua ni mwili kuonyesha dalili. Chukua kipindupindu, wengi wanaokipata hawaharishi kabisa au wanaharisha kidogo tu, ila choo chao kinatoa vimelea siku 1 mpaka 10 na wako sokoni wanauza dagaa kama kawa. 2015 pale Kagunga, kijiji cha huku Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, wakimbizi wa Burundi walijazana ufukweni, vyoo shida, maji ya kunywa ni ya ziwa hilohilo, kipindupindu kikalipuka.

Kaka wa Maabara: Ila si kila asiye na dalili ni hatari. TB inaweza kulala mwilini miaka na huyo haambukizi mtu mpaka iamke.

mwanachuo_ujiji: Asante mama, asante kaka. Sasa wodini mnyororo naukatia wapi?

nesi_mstaafu: Mikono kwanza, kila ukitoka kwa mgonjwa. Halafu klorini, na hapa ndo wanafunzi wanavuruga: 0.05% ya kunawa, 0.5% ya sakafu na vitanda, 2% ya kumwagia kwenye ndoo ya matapishi na kinyesi. Andika kwenye madumu, ukijanawia ile ya 2% ngozi itakusimulia.