Jina la kitambulisho ni la kusomwa Mkunguni kwa kipaza sauti? Nijibuni, mimi silali

Msumeno wa Langoni (mwenye uzi), saa 5:40 usiku

Wandugu, nimeshindwa kulala. Nimekula sijashiba, nimeoga sijatakata, nimelala chali nahesabu boriti za darini. Ni kumi na nne. Nimezihesabu mara mia na hazijaongezeka. Basi naandika hapa, na nikikosea herufi mnisamehe, vidole vinatetemeka.

Mnamjua. Simtaji. Amu (Lamu) nzima yamjua, toka mtaa wa Mkomani hadi Langoni, hata punda wanaobeba mchanga wamjua, wakimuona husimama kumpisha ili yasiwe mengi. Ndiye yule yule wa kofia iliyolazwa upande, ambaye kila jambo la watu lazima lipite mkononi mwake kwanza, iwe tende za futari, iwe zamu ya kuteka maji.

Kikundi chetu cha kujibizana mashairi mwakijua. Kanuni yake ni moja tu, na tangu siku ya kwanza ilikuwa hiyo: hakuna jina, kila mtu na lakabu yake. Unatunga, unamtumia yeye kwa simu, yeye anaweka kikundini kwa lakabu, watu wanasoma na kujibu. Kwa hiyo anayejua nani ni nani ni yeye peke yake. Peke yake! Tulimkabidhi kama mtu anavyokabidhi funguo za nyumba akienda Hija. Ndipo ukaona mvuvi anamkata mwalimu kwa beti, na muuza mahamri anamjibu hakimu bila kutetemeka, na kesho yake wote wanapishana uchochoroni salama salimini.

Mwezi huu akaja na habari kwamba kikundi kisajiliwe, basi kila mtu atoe jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Tukatoa. Nikajua ni karatasi ya ofisini.

Yeo baada ya alasiri tumekaa uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, kusikiliza mashairi ya mwezi kama ada. Watu wamejaa. Kahawa inazunguka. Yeye akasimama na kipaza sauti, akakunjua karatasi, akasema, "Leo tutambuane."

Akaanza. "Chaza Mkavu ni fulani bin fulani." Watu wakacheka. "Tanga Bovu ni fulani." Wakacheka zaidi. Mimi kikombe mkononi, nadhani ni watu wawili watatu walioridhia wenyewe. Mara nasikia, "Msumeno wa Langoni ni..." na jina langu lote. Langu, la baba, la babu. Kwa sauti ile ya karani anayeita mgonjwa. Jina la babu akalivuta, wallahi akalivuta kama mpira, likafika Ras Kitau, ng'ambo Manda, likarudi.

Sijameza ile kahawa, akaendelea: "Na Kunguru wa Manda, ambaye Msumeno anamkereza mwezi wa tisa sasa, ni..."

Baba mkwe wangu.

Wandugu, mimi miezi tisa nilidhani Kunguru ni kijana fulani wa Shela. Mwezi uliopita nilimwandikia hivi, na wengi wenu mliipenda:

*Kunguru wacha vituko, pwani tumeshakujua,*
*Samaki si haki yako, wangoja wakishavua,*
*Domo lako kama mwiko, kila chungu lafunua,*
*Rudi Manda kwenu huko, Amu wamekugundua.*

Hiyo nimemwandikia baba wa mke wangu. Mtu ambaye mbele yake sijawahi kukunja nne. Mtu niliyemposea binti yake nikiwa sina kitu, akasema, "Mpeni, ana adabu."

Naye alikuwa ameketi pale pale, hatua tano. Hakupiga kelele. Alishusha kikombe, akakiweka juu ya jiwe, akakisogeza kidogo kisianguke, akafuta mdomo kwa ncha ya kikoi. Kisha akanitazama. Akasema:

"Kumbe mwiko ni mimi."

Watu walivyocheka, njiwa wote wa Ngome waliruka. Ngome ile ilimalizwa kujengwa 1821, imekuwa jela, imeona vita na waliofungwa, lakini haijaona mtu kufa akiwa amesimama kama mimi.

Mji huu umewekwa katika urithi wa dunia tangu 2001 kwa ajili ya kuhifadhi. Yeye kuhifadhi karatasi moja kumemshinda!

Nyumba ya mkwe wangu iko uchochoro mmoja na yangu. Kila jioni huketi dakani, kibarazani mwa mlango. Leo kurudi kwangu nimezunguka kwa Usita wa Mui, njia kuu ya mji, nikashuka hadi pwani nikapanda tena, njia ya dakika mbili nimetumia nusu saa. Na kesho je? Na Ijumaa, tunapokula kwake?

"Kumbe mwiko ni mimi." Bado naisikia.

Bi Halua, saa 5:52

Pole sana mwanangu. Nimecheka mpaka mtoto ameamka, lakini pole.

Nahodha Bila Tanga, saa 5:55

Nilikuwepo. Umesahau kusema kwamba ulisimama ukakaa ukasimama tena, na kahawa ukajimwagia kwenye kanzu.

Msumeno wa Langoni, saa 5:57

Hiyo ya kanzu haihusu. Mada ni amana.

Shela Juu, saa 6:03

Huyo bwana simsemi, maana yumo humu anasoma kimya kimya kama paka wa sokoni. Lakini ndiye aliyemtoa mtu kwenye kikundi kwa kukosea mizani (silabi) moja. Moja! Na zake yeye zina mizani kumi na tisa, anasema ni bahari mpya ya ushairi.

Nahodha Bila Tanga, saa 6:05

Na mkweo naye alikujibu, ukweli usemwe. "Msumeno huna meno, kazi yako kukwaruza." Kwa umri ule! Mimi namuunga mkono Kunguru.

Bi Halua, saa 6:06

Kunguru juu!

Msumeno wa Langoni, saa 6:10

Hamnielewi. Silalamiki kushindwa. Mkwe wangu ni malenga, sasa najua, na miezi tisa hakuna mtu aliyenifurahisha kama Kunguru. Nilikuwa naamka alfajiri kuangalia kama amejibu. Huyo ndiye rafiki niliyenyang'anywa leo. Mimi na Kunguru tulikuwa sawa. Mimi na mkwe wangu hatuwi sawa mpaka kiama. Nitamjibu vipi tena? "Shikamoo, domo lako kama mwiko"?

Mwalimu Mstaafu, saa 12:20 asubuhi

Nimesoma baada ya swala. Ndugu Msumeno, nakuhurumia ila sikuungi mkono. Wakati wa vita vya Shela, mnamo 1812 hivi, Amu walipopigana na Mvita (Mombasa), malenga Muyaka bin Haji alikuwa Mvita na Zahidi Mngumi alikuwa hapa Amu. Wakatupiana mashairi makali kuliko hayo yenu ya kunguru, na kila mtu alijua lipi la nani. Mshairi asimame na jina lake. Ukijificha nyuma ya lakabu ulimi unakuwa mrefu, kama ulivyokuwa wako.

Msumeno wa Langoni, saa 12:31

Mwalimu wangu, heshima yako naiweka kichwani. Lakini Muyaka alikuwa Mvita na Zahidi Amu, katikati yao bahari nzima. Mimi na mkwe wangu katikati yetu pana uchochoro ambao punda wawili hawapishani. Na Muyaka na Zahidi walichagua wenyewe. Mimi nilisomewa. Nilisomewa kwa kipaza sauti, na jina la babu likavutwa!

Kibao Kata, saa 12:40

Kwani jina la babu lina nini mpaka lisivutwe? Liandike hapa tulipime.

Msumeno wa Langoni, saa 12:41

Kibao Kata, nakuheshimu, usinianze.

Mja Hasemi, saa 1:15

Mimi huwa naandika kikundini kwa lakabu ya kiume. Wengi mwanijua kwa zile beti za mtoto na bahari. Jana alikuwa anafuata orodha. Msumeno alikuwa wa tatu, mimi wa saba. Kaka zangu wawili walikuwa wameketi karibu na mti. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa soko na buibui langu, najifanya nanunua ndizi. Alipofika wa sita adhana ya magharibi ikalia, akakunja karatasi. Nimejitoa kikundini usiku. Msumeno, asante kwa kufungua uzi huu.

Shela Juu, saa 1:19

Zile za mtoto na bahari ni zako?? Hizo mimi nimezihifadhi kwenye simu. Dada yangu, usiache kuandika, tuma kwa mtu mwingine.

Nahodha Bila Tanga, saa 1:22

Hii sasa si mchezo. Hapo nimeacha kucheka.

Mshipi Miwili, saa 2:02

Asalaam aleikum toka Malindi. Sisi huku tuna kikundi cha kuvua kwa mshipi siku za mapumziko, kwa kujifurahisha tu, na kila mtu ana jina la utani. Tulikuwa na mzee mmoja tukimwita Changu, maana hakuwahi kuleta samaki mwingine. Miaka minne tunavua naye. Chambo anagawa, kahawa anagawa. Siku moja likatangazwa jina msikitini, fulani bin fulani amefariki, maziko baada ya adhuhuri. Tukasikia wote. Hakuna aliyesimama. Jumamosi tukamngoja pwani na kiti chake cha plastiki tumemwekea. Akaja mjukuu wake akatuambia amezikwa Jumatano. Kwa hiyo ninyi mnaotaka lakabu tupu, mimi nataka majina, tena na namba za simu za watoto.

Bi Halua, saa 2:10

Inna lillahi. Mungu amrehemu.

Msumeno wa Langoni, saa 2:14

Amin. Ndugu wa Malindi, hilo limenigusa. Jina likae kwa mtu mmoja mwaminifu, siku ya kufa litoke, hapo sina ubishi. Langu lilitoka nikiwa hai na kikombe mkononi.

Kibao Kata, saa 2:20

Mshipi Miwili, swali la pembeni. Huko kwenu changu bado anapatikana kwa mshipi? Huku siku hizi unatupa alfajiri mpaka jua la utosi unatoa tasi mmoja mwembamba kama karatasi.

Mshipi Miwili, saa 2:26

Anapatikana ukijua mahali. Na chambo chetu ni ngisi, si huo unga wa ngano mnaofinyanga huko Amu mkadhani samaki ni mtoto wa chuo.

Shela Juu, saa 2:28

Malindi mtufundishe kuvua? Tangu lini?

Nahodha Bila Tanga, saa 2:29

Malindi watufundishe kupiga picha watalii. Bahari watuachie.

Mshipi Miwili, saa 2:33

Nimekuja na msiba mnanitolea mapanga. Sawa. Kaeni na tasi wenu.

Mwalimu Mstaafu, saa 2:45

Vijana, turudi kwenye hoja. Mimi kwa mfano nina malalamiko yangu kuhusu hicho kipaza sauti. Chanunuliwa kwa michango ya nani? Nilichanga, sijaona hesabu.

Shela Juu, saa 2:47

Mwalimu umefungua mlango sasa. Hata mimi nilichanga. Kinakoroma kama jenereta ya kule gatini.

Bi Halua, saa 2:50

Cha arusi ya mpwa wangu kilikuwa hicho hicho, biharusi aliitwa jina la mtu mwingine mara tatu. Na aliyekishika ni huyo huyo msiyemtaja!

Kibao Kata, saa 2:53

Mimi kipaza sauti sina habari nacho. Malalamiko yangu ni mkate wa mofa. Siku hizi mmeuona? Mdogo kama shilingi, na katikati mbichi. Nani kawaambia mofa uokwe kwa haraka?

Nahodha Bila Tanga, saa 2:55

Kibao Kata Mungu akubariki. Juzi nimeununua nikaurudisha.

Bi Halua, saa 2:58

Ni kuni. Kuni zimekuwa ghali na tanuri haishiki moto. Mimi bibi yangu alikuwa anaanza kuwasha usiku.

Msumeno wa Langoni, saa 3:30

Jamani. Jambo limetokea sasa hivi, nisaidieni. Mlango umebishwa, mke wangu akafungua. Ni mtoto wa shemeji yangu, kabeba kitu kimefungwa kwa gazeti na kamba ya usumba. Akasema, "Babu asema mpe baba." Nimefungua. Ni mwiko. Mwiko wa mti, mpya, mrefu kiasi cha mkono wangu toka kiwiko, na pale kwenye mpini pamekwaruzwa kwa ncha ya kisu mstari mmoja mdogo mdogo kama meno ya msumeno. Hakuna karatasi. Hakuna neno. Mtoto ameondoka mbio.

Mke wangu anacheka, hasemi kitu. Hii maana yake nini? Amekasirika au hakukasirika? Niurudishe? Niende nao Ijumaa?

Shela Juu, saa 3:34

Bi Halua, tanuri la nyuma ya soko bado wanatumia kuni za mkoko au wamebadilisha?

Bi Halua, saa 3:36

Wamebadilisha zamani. Ndiyo maana nasema.

Mja Hasemi, saa 3:41

Msumeno, mtungie. Hata kama jina analijua.

Kibao Kata, saa 3:44

Huo mwiko ni wa mti gani? Kama ni mvule muulize mkweo kachongewa wapi, nami nauhitaji.