Alhamisi kabla ya Pasaka: ofisi inatoka saa nane, stoo tunabaki na magari

Dada wa Stoo
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa mlio viwandani.

Nipo stoo ya bidhaa, kiwanda kimoja Barabara ya Nyerere, Dar. Tunaingia saa mbili asubuhi, tunatoka saa kumi na moja jioni, Jumamosi saa saba mchana. Sikukuu ndefu ikikaribia, mchana wa siku ya mwisho linapita neno kwenye korido kwamba leo tunatoka saa nane. Ubaoni hakuna tangazo. Uhasibu na mauzo wanafunga droo, wanaaga. Stoo hatutoki, maana siku hiyohiyo ndiyo magari yanajazana getini. Na mauzo wakishaondoka ndiyo balaa linaanza: dilivari noti inasema katoni 200, mteja anasema aliagiza 250, na wa kusaini marekebisho yuko njiani kwenda Moshi. Dereva na utingo wake wananikodolea macho mimi.

Pasaka hii nimekata tiketi ya treni ya mwendokasi niende Kilosa kwa mama. Basi likikuacha pale Mbezi utahangaika lakini utapata jingine. Treni saa yake ikifika imeondoka. Nimemuuliza msimamizi nitatoka saa ngapi, akanijibu kwamba wa stoo atakayetoka saa nane atakatwa nusu siku ya likizo. Ofisini hakatwi mtu. Hii ni halali? Na wenzetu mnapangaje?

Afisa Utumishi
Pole dada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haizungumzii kutoka mapema. Inachoweka ni kikomo: saa 45 kwa wiki, 9 kwa siku. Ratiba yako, ukitoa saa ya chakula, inagonga 45 kamili, kwa hiyo kukubakiza hadi kumi na moja ni haki yao. Zile saa tatu za ofisini ni hisani, labda kama zimeandikwa kwenye mkataba wa hali bora, ule wa chama cha wafanyakazi na mwajiri.

Suala la likizo ni jingine. Siku 28 za mwaka ni zako. Ni kweli mwajiri ana sauti kuhusu lini uzichukue, ila kwa ruhusa ileile, saa ileile, kumkata wa stoo na kumwacha wa uhasibu, mimi nisingethubutu kukuandikia barua hiyo. Mwombe msimamizi aiandike. Nadhani hataiandika.

Halafu gari likichelewa ukapita saa kumi na moja, hiyo ni ovataimu, si chini ya mara moja na nusu, na haifanywi bila makubaliano. Wakikuita Ijumaa Kuu au Jumatatu ya Pasaka, kila saa inalipwa mara mbili ya mshahara wa msingi. Andika muda wa kila gari kutoka getini.

Msimamizi wa Zamu, Tanga
Kwetu tulikuwa tunagombana hivyohivyo. Sasa orodha inabandikwa wiki mbili kabla: nani anatoka saa nane, nani anabaki kufunga. Aliyebaki Pasaka anatoka wa kwanza Mei Mosi.

Kilichotusumbua zaidi ni Idi. Pasaka tunaijua tangu kalenda inapochapwa, lakini Idi inasubiri mwezi uandame, na tangazo linatoka usiku watu wameshalala. Kwa hiyo Waislamu walikuwa hawapati mkesha wowote wa kutoka mapema. Tukakubaliana saa zao watumie siku ya kwanza ya kurudi kazini, waingie mchana. Nilifurahi sana lilipopita, maana watu wangu walikuwa wamelinyamazia muda mrefu.

Duka la Jumla
Naandika kama mteja. Alhamisi ile ndiyo siku tunayouza kuliko zote, lakini hakuna anayetulazimisha kuagiza siku hiyohiyo. Tunaagiza kwa kuchelewa kwa sababu kiwanda kinakubali. Watangaze kwamba oda za sikukuu zinafungwa Jumanne jioni na mzigo unatoka Jumatano. Tutapiga kelele mwaka mmoja, kisha tutazoea.

Dada wa Stoo
Asanteni sana, nimeandika kila kitu. Hili la kufunga oda Jumanne sijawahi kulisikia likisemwa kwetu, na kwa kweli ndilo linalonigusa, kwa sababu linawahusu pia vibarua wa kupakia. Wao hulipwa kwa gari. Tukisema tu kwamba stoo nayo itoke saa nane, mimi nitapanda treni na wao watapoteza magari ya jioni, nao wana watoto wanaosubiri nguo za Pasaka. Magari yakisogezwa Jumatano hawapotezi kitu.

Kesho naanza na mwenyekiti wa tawi la TUICO, chama chetu cha wafanyakazi, yeye ndiye anaingia kikaoni na menejimenti. Nitaomba mambo matatu yaandikwe: oda zifungwe Jumanne, mtu mmoja wa mauzo mwenye saini abaki hadi gari la mwisho, na likizo isiguswe. Afisa Utumishi, nikikuwekea rasimu hapa jioni utaipitia?

Afisa Utumishi
Iweke. Na saa za kutoka ziandikwe kwa idara zote, siyo stoo peke yake.