Tupeane uzoefu: makala ya kitaaluma ikidai dola 35, wewe unaipataje?

KalamuYaUluguru

Wakuu, salaam. Msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti umefika, na wanafunzi wananijia na kilio kile kile. Ameiona makala, kichwa chake kinaendana kabisa na mada yake, anabofya, anaambiwa alipe dola 35 au 40. Wengi huishia kusoma ikisiri, kisha wanainukuu makala nzima kama waliyoisoma. Hilo linaniuma. Ikisiri haikuambii sampuli ilipatikanaje wala mwandishi alikiri upungufu gani, na huko kwenye upungufu ndiko utafiti wako mpya unakopata pa kuanzia.

Nianze na changu. Mimi natafiti mihogo. Kila anayeandika kuhusu ugonjwa wa michirizi ya kahawia humtaja Storey, 1936, aliyeueleza kwa mara ya kwanza akiwa kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara. Wote wanamtaja, lakini makala yenyewe sikuiona popote. Nilikuwa natafuta kwa maneno ya leo: Tanzania, jina la ugonjwa, jina la virusi. Mwaka 1936 hakukuwa na nchi inayoitwa Tanzania, na virusi vyenyewe havikuwa na jina tunalotumia sasa. Nilipoandika Tanganyika na Amani, mambo yakafunguka. Nikajua ilitoka kwenye East African Agricultural Journal, lile ambalo baadaye liliongezewa misitu katika jina lake. Kisha nikatafuta mtafiti wa karibuni aliyeinukuu kwa kutaja ukurasa, maana huyo bila shaka alikuwa nayo mkononi. Nikamwandikia barua pepe fupi: mimi ni nani, natafiti nini, nahitaji makala ipi. Akanitumia skani siku iliyofuata.

Tangu hapo kumwandikia mtafiti ni hatua yangu ya kawaida. Wengi wanajibu. Mwandishi wa makala za majarida halipwi chochote unapolipa zile dola, kwa hiyo hana sababu ya kukunyima, na anafurahi kusomwa.

Naomba kila mtu aeleze alichofanya mwenyewe. Uwe chuoni, hospitalini, kwenye shirika au nyumbani tu, karibu.

DaktariWaWilaya

Asante mkuu kwa mada. Mimi nilisoma uzamili wa afya ya jamii huku nikifanya kazi hospitali ya wilaya, mbali na chuo. Kilichoniokoa ni Hinari.

Kwa wasioijua: Hinari ilianzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 pamoja na wachapishaji wakubwa ili nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya afya. Siku hizi imo ndani ya Research4Life pamoja na ndugu zake: AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Tanzania imo kwenye kundi la nchi zisizolipa kitu. Shida ni kwamba anayesajiliwa ni taasisi. Ukijaribu kujiunga wewe kama mtu binafsi, utakwama.

Kwetu hakuna aliyejua kwamba hospitali ya wilaya nayo inaruhusiwa. Kila mtu alidhani ni mambo ya vyuo vikuu. Nikakaa na mtunza kumbukumbu wetu tukajaza fomu mtandaoni, tukapewa jina la mtumiaji na nywila ya taasisi. Leo hata wauguzi wanaitumia kuangalia miongozo ya matibabu.

Naomba sana: nywila hiyo msiirushe kwenye makundi ya WhatsApp. Matumizi yasiyo ya kawaida yakionekana, taasisi nzima inaweza kufungiwa. Pia msishangae mkikuta jarida fulani bado limefungwa, kwani wachapishaji wengine huchagua nchi za kuzifungulia.

Anayetafiti malaria ana nafuu kubwa. Wafadhili kama Wellcome na Gates Foundation hutaka matokeo yawe wazi kwa wote, na Malaria Journal liko wazi tangu lilipoanza mwaka 2002. Halafu kuna PubMed Central, hazina ya makala za tiba, ambako makala nzima unaisoma bure. Ukiwa PubMed ya kawaida, chagua kichujio cha makala kamili za bure kabla hujaanza kusoma orodha, utaokoa muda na bando.

BintiKisauni

Hamjambo nyote. Nawasikia wa mihogo na wa malaria, lakini sisi wa fasihi ya Kiswahili hadithi yetu ni nyingine. Makala ya Ulaya kuhusu nadharia naipata kwa urahisi. Iliyoandikwa Dar es Salaam au Nairobi miaka ya 1970, kwa Kiswahili, kuhusu tenzi za kwetu Mombasa na Lamu, hiyo ndiyo inayonitoa jasho. Yaani kazi ya mtu wa hapa jirani ni ngumu kuipata kuliko ya mtu wa Chicago! Jambo hili lafaa litushughulishe sote.

Nilivyofanya mimi: nilianza na Swahili Forum ya Chuo Kikuu cha Leipzig, maana matoleo yake yako wazi mtandaoni tangu yale ya 1994, na wandishi wetu wengi wamo humo. Kisha nikaenda kwenye jarida liitwalo Kiswahili, la TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Matoleo ya karibuni yamo kwenye tovuti ya majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ya zamani niliyasoma kwa karatasi, nimekaa maktabani. Kumbukeni jarida hilo limebadili jina: lilianza mwaka 1930 kama taarifa ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, likaitwa Swahili, kisha Kiswahili. Ukitafuta kwa jina moja tu, nusu ya karne yakupita.

Kwa miswada ya tenzi, chuo cha SOAS cha London wameweka skani nyingi mtandaoni, zatazamwa bure. Na Dar es Salaam wana mkusanyo wa miswada uliofanywa na J.W.T. Allen, orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Mimi nilikwenda na nambari ya mswada mkononi, nikahudumiwa vizuri sana. Ukienda kuuliza tu "mna tenzi?", mtunzaji hajui akushikie wapi.

Tasnifu nazo msizidharau. Hazina za kidijiti za Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta, Makerere, Sokoine na Muhimbili zina tasnifu nzima nzima. Humo ndimo nilimopata majina ya watu waliohojiwa vijijini na nukuu ambazo hazikuingia kwenye makala yoyote. Ila tafuteni ndani ya hazina yenyewe, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Google Scholar huziruka nyingi.

Mpitaji

Mbona mnazunguka hivyo wakuu? Si kuna Sci-Hub?

MkutubiMstaafu

Mwanangu Mpitaji, swali lako ni la haki, na nimeulizwa sana nikiwa kazini. Sci-Hub, tovuti inayogawa bure makala za kulipia, ilianzishwa mwaka 2011 na Alexandra Elbakyan, na naelewa kwa nini wanafunzi wanaikimbilia. Lakini inakiuka hakimiliki. Mwaka 2017 mahakama ya New York iliamuru wachapishaji Elsevier walipwe fidia ya dola milioni 15 katika kesi dhidi yake. Sikumwelekeza mwanafunzi huko, kwa sababu nilijua kuna njia halali ambazo hajazijaribu.

Nikimpokea mwanafunzi nilikuwa namkalisha kwenye kompyuta yake mwenyewe. Kwanza tunafungua sehemu ya matoleo yote chini ya makala kwenye Google Scholar, maana wachapishaji wengi humruhusu mwandishi aweke mswada uliokubaliwa kwenye hazina ya chuo chake. Jarida limefungwa, mswada uko wazi. Kisha tunaweka kiongezo cha Unpaywall kwenye kivinjari. Ikikuta nakala halali ya bure, kufuli la kijani linatokea pembeni. Halafu JSTOR, hifadhidata ya majarida: ukifungua akaunti ya bure unasoma mtandaoni hadi makala 100 kwa siku 30, na taasisi nyingi zisizo za faida barani Afrika husamehewa ada au hupunguziwa. Kwa majarida ya Afrika tunaingia AJOL, iliyoanza mwaka 1998 na ina majarida ya nchi nyingi za Afrika.

Wengi waliokuja wakisema "haipo" walitoka na PDF.

Jambo la mwisho ni kuhusu sisi wakutubi. Vyuo vyetu vinalipia vitu ambavyo wanafunzi hawavijui. Tanzania kuna umoja wa maktaba, COTUL, Kenya kuna KLISC, na hujadiliana na wachapishaji kwa niaba ya wanachama. Nendeni mkaulize tumejiunga na nini mwaka huu, na mnaingiaje mkiwa nyumbani. Mkutubi asiyeulizwa hukaa na maarifa yake.

MwalimuWaMbinu

Shikamoo mzee MkutubiMstaafu. Nashukuru kwa hayo.

Mimi nataka kuongelea makala ambazo hazipo kabisa. Nasimamia wanafunzi wa uzamili, na tangu programu za akili bandia zienee napokea orodha za marejeo zenye mwandishi wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaowezekana, na makala ambayo haijawahi kuandikwa. Mwanafunzi mmoja wa mada ya wamachinga aliniletea rejeo lililofanana mno na anachokitaka. Tulifungua jarida, juzuu ile ile, kurasa zile zile. Palikuwa na makala ya mtu mwingine kuhusu jambo jingine. Alishtuka kweli, maana aliiamini.

Siku hizi kila mwanafunzi wangu anapitia hatua hii: nambari ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni, inaingizwa doi.org. Ikikataa, jina la makala linatafutwa Crossref, wanaosajili DOI. Ikikosekana na huko, tunafungua jarida lenyewe, kwa kuwa majarida mengi ya kwetu hayana DOI na si haki kuyatupa kwa sababu hiyo. Rejeo lisiloonekana popote tunalifuta.

Na badala ya kuomba mashine orodha, ninawafundisha kuanza na makala moja nzuri. Soma marejeo yake, unarudi nyuma. Kisha angalia nani wameinukuu, unakuja mbele. Kwa njia hiyo mwanafunzi anaanza kuona nani anabishana na nani, na mapitio yake ya maandiko yanapata hoja.

MwanaLubumbashi

Ndugu zangu, salamu toka Lubumbashi. Kwetu vitabu vingi ni vya Kifaransa, na ninyi wa Kiingereza hamvitafuti. Mtu anatafiti Kiswahili cha Katanga bila kufungua Persée, tovuti ya majarida ya Kifaransa, na kule Cahiers d'études africaines za zamani zinasomwa bure! HAL nayo ni hazina huria ya watafiti wa Ufaransa, makala nyingi ziko wazi. Kwa Kiswahili cha mjini kwetu mimi nilitumia Archives of Popular Swahili ya watafiti wa Amsterdam: maandishi yenyewe pamoja na tafsiri. Mji wetu mutafute na jina la Elisabethville pia.

MhaririWiki

Ninyi mnaochangia Wikipedia ya Kiswahili, kuna Wikipedia Library. Ukiwa na miezi sita, mabadiliko 500, na umeendelea kuhariri mwezi huu, unafunguliwa hifadhidata nyingi za kulipia bila kutoa senti. Mimi sina chuo, na ndiyo njia yangu.

SangaraMwanza

Wakubwa zangu, nimesoma yote. Natafiti wavuvi wa sangara Ziwa Victoria. Makala za nje ninazo, ila ripoti za watafiti wetu za miaka ya 60 na 70 sizioni kabisa. Nianzie wapi?

KalamuYaUluguru

Mdogo wangu, ingia AquaDocs, hazina huria ya sayansi ya maji. Ile ya zamani iliyoitwa Aquatic Commons ilihamia humo. Usitafute sangara peke yake. Kwa miaka hiyo tafuta EAFFRO, taasisi ya utafiti wa uvuvi iliyokuwa Jinja chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyovunjika mwaka 1977. Baada ya hapo kazi ziligawanyika kwa nchi: TAFIRI kwetu, KMFRI Kenya, NaFIRRI Uganda. Andika kila jina kivyake, na ongeza jina la kisayansi la samaki, Lates niloticus, kwani ripoti nyingi hutumia hilo. TAFIRI wana kituo hapo hapo Mwanza. Nenda na orodha ya vichwa vya ripoti unazozitaka, uliza maktaba yao. Ukikwama na kichwa mahususi, kiweke hapa pamoja na mwaka, nitatazama kama ninacho.