Familia ya Uyole: kikohozi cha bandani

*Jumamosi*

06:12 Mjomba Lusajo: Habari za asubuhi wapendwa. Nguruwe wangu wanakohoa siku ya nne leo. Walianza wawili, sasa watano. Dawa gani jamani?

06:13 Mjomba Lusajo: 🎤 Sauti (0:21)

06:20 Shangazi Tumpe: Hicho ni kikohozi au unawasha pikipiki? 😂 Pole kaka.

06:24 Baba Kevin: Wape maji ya tangawizi na kitunguu saumu.

06:25 Mjomba Lusajo: Nimeshawapa. Wanakohoa wakinukia tangawizi.

06:31 Mama Neema: Isije ikawa ile homa jamani. Ile haibakizi.

06:40 Atu Mifugo: Shikamooni wote. Mjomba, nimesikiliza sauti. Kabla ya dawa nijibu: wanakula? Kuna aliyekufa? Masikio au tumbo vimekuwa vyekundu? Damu puani?

06:44 Mjomba Lusajo: Marahaba mwanangu. Wanakula, ila hawanenepi. Hajafa hata mmoja. Masikio kawaida, damu hakuna. Wakikurupuka asubuhi ndipo kinaanza, kikavu hivyo hivyo.

06:45 Atu Mifugo: Una kipimajoto?

06:45 Mjomba Lusajo: Cha mtoto.

06:46 Atu Mifugo: Kinatosha, ila kisirudi kwa mtoto 😅 Kipake mafuta, kinaingia nyuma, ukishikilie mpaka kilie.

07:19 Mjomba Lusajo: Wanne wako 39 na pointi. Yule mwenye doa 40.4. Kanipiga teke.

07:23 Atu Mifugo: Mwisho wa kawaida ni kama 39.8, kwa hiyo mwenye doa ana homa. Kwa dalili hizi nashuku mikoplazma, nimonia ya pole pole. Ile homa ya nguruwe ya Afrika kwa kawaida inakuja kwa kishindo: joto kali, hawali, wanakufa wakubwa kwa wadogo, na dawa haina. Akifa hata mmoja ghafla, usichinje, usiuze, usimtoe nje. Nipigie.

07:25 Baba Kevin: Basi penisilini si ipo dukani? Achome, yaishe.

07:28 Atu Mifugo: Baba mdogo, penisilini inaua kijidudu kwa kumvurugia ukuta wake wa nje. Mikoplazma hana huo ukuta. Utachoma chupa nzima, wataendelea kukohoa.

07:29 Baba Kevin: Haya daktari 🙌

07:30 Atu Mifugo: Mjomba, umeingiza nguruwe wapya karibuni?

07:41 Atu Mifugo: Mjomba?

07:44 Mjomba Lusajo: Wawili. Wiki tatu zilizopita, mnadani. Bei ilikuwa nzuri.

07:44 Shangazi Tumpe: Bei nzuri ndiyo hiyo inayokohoa.

07:47 Atu Mifugo: Na ukawachanganya siku hiyo hiyo. Mgeni anakaa peke yake mwezi mzima, mbali, unamhudumia mwisho, kwa buti zake na ndoo yake. Anaweza kuonekana mzima kabisa na kijidudu anacho. Tuma picha ya banda.

07:52 Mjomba Lusajo: 📷 Picha

07:54 Atu Mifugo: Hilo turubai umelifunga mpaka juu?

07:55 Mjomba Lusajo: Mwezi wa sita huu, Uyole hii, ulitaka wagande?

07:57 Atu Mifugo: Ingia ndani. Chuchumaa, pua yako iwe usawa wa pua ya nguruwe. Hesabu mpaka 60.

08:06 Mjomba Lusajo: Nimeishia 20. Machozi yanatoka.

08:07 Mama Neema: 😳

08:11 Atu Mifugo: Hiyo ni amonia ya mkojo. Wewe umesimama husikii, wao wanalala nayo. Koo lina vinyweleo vinavyosukuma uchafu nje. Amonia inavichosha, mikoplazma anavikata. Hapo vijidudu vingine kama pasturela vinashuka mapafuni, na ndivyo vinavyoua. Nadhani huyo mwenye doa ameshafika huko.

08:15 Atu Mifugo: Shusha turubai futi moja na nusu toka juu, pande mbili, upepo upite juu ya migongo. Chini ziba, kusiwe na mwanya. Toa matandiko yote mabichi leo, weka maranda makavu. Humo wako wangapi?

08:16 Mjomba Lusajo: 18. Chumba ni 3 kwa 3.

08:18 Atu Mifugo: Mita tisa! Wa kilo 60 anataka karibu mita moja peke yake. Hamishia nusu kule stoo, wanaokohoa wakae upande wao. Na minyoo mara ya mwisho lini? Viluwiluwi vya minyoo vinapita mapafuni, navyo vinakohoza.

08:19 Mjomba Lusajo: Pasaka 🙈

08:23 Atu Mifugo: Nakuja saa nane na oksitetrasaiklini ya asilimia 20. Mililita 1 kwa kila kilo 10, kwa hiyo tutawapima kwa futi ya kamba tupate kilo zao, hatukisii. Nitachoma hao watano. Na aliyechomwa hachinjwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Si wiki moja hiyo.

08:24 Shangazi Tumpe: Ngoja kwanza. Kipaimara cha Kevin ni Jumapili ijayo. Kitimoto tumeshatangaza.

08:25 Baba Kevin: Yule wa kipaimara asichomwe!!!

08:26 Atu Mifugo: Kama hakohoi, simgusi.

08:27 Mjomba Lusajo: Yule mweusi mkubwa. Mzima huyo, sijawahi kumsikia.

08:39 Mjomba Lusajo: 🎤 Sauti (0:06)

08:41 Mama Neema: Ni yeye huyo?

08:42 Mjomba Lusajo: Ni yeye.

08:43 Shangazi Tumpe: Nani ana namba ya muuza kuku?