Mrejesho: kumbukumbu za baba mkwe, rubani wa helikopta vita ya Vietnam

Wakuu narudi na mrejesho. Niliuliza namna ya kuhifadhi kumbukumbu za baba mkwe, Mmarekani aliyerusha helikopta aina ya Huey Vietnam, maana umri umeenda na stori zote ziko kichwani. Aisee kumwambia "tusimulie vita" hakukusaidia kitu, anajibu neno moja tu, basi nikamwekea mezani picha zake za mafunzo, kambi za jeshi za Fort Wolters kule Texas na Fort Rucker Alabama, nikawasha rekoda ya simu nikanyamaza, mzee akaongea masaa mawili! Cha ajabu alichangamka zaidi kwenye miaka ya chuo, alisoma baada ya vita kwa msaada wa GI Bill (sheria ya Marekani inayowasaidia waliotumikia jeshi kulipia masomo), anasema darasani hakumwambia mtu ametokea wapi. Vita yenyewe tunaiendea taratibu, akichoka tunaacha. Picha na barua nimeskani, kopi nyingine iko kwa shemeji. Kaseti za zamani sijazigusa, naogopa kukata mkanda. Rekodi tutaipeleka Veterans History Project, ule mradi wa Maktaba ya Bunge la Marekani wa kukusanya simulizi za waliopigana vita, wanataka mahojiano yasiyopungua dakika 30, hapo tumeshavuka kitambo.