Mteja wa nyati mwezi wa 8: bunduki na maandalizi

Wakuu, tuna mgeni anakuja Rukwa kuwinda nyati. Anataka kuleta bunduki yake ya .30-06 (ndicho kipimo cha risasi yake). Inatosha? Na avae nini?

Jibu: Mkuu, hiyo ibaki ya swala pala. Nyati ni kuanzia kipimo kikubwa zaidi, .375 H&H. Risasi ya kwanza iwe laini (inayopanuka ikigonga), zinazofuata ngumu (zisizopanuka, hupenya ndani zaidi): nyati aliyejeruhiwa akigeuka kukimbia unampiga kwa nyuma, na laini haifiki moyoni. Afanye mazoezi amesimama, bunduki ikiegemea miti mitatu iliyofungwa pamoja juu, mita 50 hadi 80. Kulenga vizuri umekaa, bunduki ikiwa juu ya meza, hakusaidii porini.

Jibu: Hakikisheni namba ya bunduki kwenye kibali inalingana na iliyochongwa kwenye chuma. Herufi O ikiandikwa badala ya sifuri, mnakwama uwanja wa ndege.

Jibu: Asivae bluu wala nyeusi, mbung'o huzifuata. Kaki au kijani iliyofifia. Chumvi ya kuhifadhi ngozi ya nyati msisahau! Laini, si ya mawe, uzito karibu sawa na ngozi mbichi. Ngozi ipakwe siku hiyohiyo, midomo na masikio yakishapasuliwa kwa ndani. Mkichelewa, manyoya yananyonyoka kwanza hapo kwenye midomo na masikio.